Muulize Mwalimu: Medali za watu wa volkano anapewa nani, na kwa nini

Toleo lililopita niligusia mistari mitatu tu kwamba kuna medali wanapewa watu waliojitoa kwenye elimu ya volkano, halafu nikaendelea na mambo ya mvua za vuli. Meseji zilivyoingia! Moshi, Goma, Muscat, Karatu, wengine wameuliza kwa hamu na wengine kwa hasira kabisa, kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa volkano, mvua itasubiri.

Swali (mwanafunzi wa kidato cha nne, Moshi): Mwalimu shikamoo. Hao watu wa volkano kwani Nobel hawapewi? Na hizo medali ni ngapi, ni moja au kila nchi na yake? Nauliza maana nataka kusoma mambo ya miamba mpaka mwisho.

Marahaba mwanangu. Nobel hawapewi, na hakuna aliyewabania. Alfred Nobel alipoandika wosia wake mwaka 1895 alitaja fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani, basi, miamba hakuitaja, na tangu zianze kutolewa 1901 ni uchumi tu ndo umekuja kuongezwa baadaye sana, ardhi mpaka leo haimo. Kwahiyo watu wa miamba wakajitafutia za kwao. Inayotajwa sana ni Vetlesen, inatolewa kule Marekani kupitia Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka 2015 ilikwenda kwa mtu wa volkano hasa, Stephen Sparks wa Bristol, Uingereza, pamoja na dola 250,000. Sparks amefanya kazi kubwa kwenye kisiwa cha Montserrat, Karibiani, ambako mlima wa Soufrière Hills ulianza kulipuka Julai 1995 na mji mkuu Plymouth ukahamwa wote, majivu yakaufunika.

Sasa ukija kwenye volkano peke yake, wataalamu wana chama chao cha dunia nzima kinaitwa IAVCEI, kipo tangu 1919, na medali zake ndo wenyewe wanaziheshimu zaidi. Kila moja ina jina la mtu, na ukishamjua huyo mtu umeshaijua medali.

Ya juu kabisa ni ya Thorarinsson. Sigurdur Thorarinsson alikuwa mtu wa Iceland, alizaliwa 1912 akafa 1983, na kazi yake ilikuwa kusoma majivu. We mwanangu umeshaona watu wanachimba shimo la choo? Ukichungulia ule ukuta wa shimo unakuta udongo mwekundu, chini yake mweusi, halafu kwenye nchi zenye volkano unakuta na kamstari ka kijivu kembamba kama uzi, hako kamstari ni siku ambayo mlima ulilipuka. Thorarinsson akaonyesha kwamba ukikashika kamstari kamoja ukakafuata bonde kwa bonde, unaweza kujua ni mlipuko upi na ulifukia nini, na kweli alishiriki kuchimbua mashamba ya kale kwao ambayo yalifunikwa na majivu ya mlima Hekla, nyumba za watu kabisa zimelala chini ya kokoto nyepesi. Medali ya jina lake anapewa mtu mmoja kila baada ya miaka kadhaa. Wa kwanza alikuwa Mmarekani Robert L. Smith mwaka 1987, akafuata Mwingereza George Walker 1989.

Na huyo Walker naye sasa hivi ana tuzo yake, ya vijana waliomaliza masomo yao ya PhD juzijuzi. Walker alikuwa mtu wa kupima. Anasimama porini na rula, majivu hapa yana unene gani, kokoto kubwa kuliko zote zilizodondoka pale ni saizi gani, anahama kilometa kadhaa anapima tena, na mwisho wa siku kutokana na vipimo hivyo anaweza kukwambia ule moshi ulipanda juu kiasi gani, mlipuko ambao hakuna binadamu aliye hai aliyeuona. Mimi hiyo huwa inanifurahisha mno.

Kati ya hao vijana na ile ya juu kuna medali ya Wager, ya Lawrence Wager aliyesoma miamba ya Skaergaard kule Greenland. Ndugu zangu wa Kenya hapa kuna kitu chenu, maana Wager mwaka 1933 alipanda Everest mpaka juu ya mita 8,500 bila gesi ya oksijeni, na aliyekuwa naye siku ile alikuwa Percy Wyn-Harris, afisa wa serikali ya kikoloni Kenya, ambaye 1929 alishapanda na Eric Shipton mpaka Batian, kile kilele cha mita 5,199 cha Mlima Kenya, na Mlima Kenya wenyewe si volkano ya zamani iliyokufa?

Ya nne ni ya Krafft, na hiyo inajibiwa kwenye swali linalofuata maana msomaji kaja na moto.

Swali (msomaji, Muscat): Assalaam alaykum mwalimu. Hao Krafft nimewaona kwenye picha, mke na mume wamevaa manguo ya fedha wamesimama mbele ya moto. Si walikufa kwa huo ujasiri wao? Sasa mtu anajitafutia mwenyewe kifo, medali ya jina lake ya nini?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Swali lako ni la haki na silikwepi. Ni kweli walikufa. Katia na Maurice Krafft walikuwa Wafaransa wa upande wa Alsace, Katia mtu wa kemia, Maurice jiolojia, walioana 1970 na maisha yao yote wakawa wanakimbilia milima inayolipuka wakati wengine wanaikimbia, mke anapiga picha, mume anachukua filamu. Tarehe 3 Juni 1991 walikuwa mlima Unzen, Japani. Mlima ulikuwa umeota kidonda cha lava nzito juu, kikamomonyoka, likashuka wingu la majivu ya moto na gesi linalokwenda kasi kuliko gari, watu 43 wakafa palepale, waandishi wa habari, wazimamoto, madereva teksi, na wana volkano watatu, hao wawili pamoja na Mmarekani Harry Glicken.

Huyu Glicken nae, yaani kila nikiisoma habari yake nanyamaza kidogo. Mwaka 1980 akiwa bado mwanafunzi alikuwa ndo analinda kituo cha kuangalia mlima St. Helens kule Marekani, tarehe 17 Mei jioni akapokewa zamu na David Johnston, asubuhi ya tarehe 18 mlima ukapasuka ubavu na Johnston akafa, yeye na wengine mpaka jumla 57. Glicken akatumia miaka iliyofuata kusoma lile poromoko lililomuua mwenzake, miaka 11 baadaye na yeye akachukuliwa na mlima mwingine.

Sasa turudi kwenye swali, medali ya nini. Novemba 13 mwaka 1985 kule Kolombia mlima Nevado del Ruiz ulilipuka saa tatu usiku. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa, ila juu ya mlima kuna barafu, ikayeyuka, ikachanganyika na majivu na mawe ikawa tope zito kama zege, likashuka na mabonde, na saa tano na nusu hivi usiku likaingia mji wa Armero watu wamelala. Walikufa watu kama 23,000. Mlipuko umetokea saa tatu, tope limefika saa tano na nusu. Hebu kaa na hayo masaa mawili na nusu. Mtu mwenye miguu anapanda kilima cha jirani na mtoto mgongoni na bado anapata muda wa kurudi kumchukua mama yake. Na ramani ya kuonyesha kwamba tope litapita wapi ilikuwa imeshachorwa, wiki chache tu kabla, Armero imo.

Maurice na Katia walifika baada ya hapo, wakaona, na kwa wanaoijua historia yao ndo pakawa mahali walipogeuka. Walikuwa na mafilamu ya miaka ishirini. Wakaanza kutengeneza video kwa ajili ya viongozi na wanakijiji wanaoishi chini ya milima, sio kwa ajili ya maprofesa, inaonyesha wazi hili ni tope na linafanya hivi, hili ni wingu la moto na likipita linaacha hivi. Unajua ukimwambia mzee wa kijiji "mkondo wa gesi na majivu wa nyuzi mia kadhaa" anakuitikia tu ndio ndio kwa heshima. Ukimwonyesha nyumba inapotea ndani ya wingu kwa sekunde, anainuka kwenye kiti.

Hiyo video ilikuwa hata haijakaa sawa ilipopelekwa Ufilipino mwaka 1991, mlima Pinatubo umeanza kutoa moshi baada ya miaka karibu 500 ya kulala, watu hawaamini kama ni volkano. Wataalamu wa Ufilipino chini ya Raymundo Punongbayan pamoja na wenzao wa Marekani wakaichukua wakawa wanaionyesha kwa viongozi, kwa wanajeshi, kwenye vijiji. Watu maelfu kwa maelfu wakahama. Tarehe 15 Juni Pinatubo ukalipuka, mmoja wa milipuko mikubwa kabisa ya karne ile, na siku ileile kimbunga kikapita majivu yakalowa mapaa yakaelemewa, kwa hiyo mamia walikufa, hilo siwezi kulificha, ila waliookoka kwa sababu waliondoka mapema wanakadiriwa kuwa 5,000 na zaidi.

Tarehe 15 Juni. Maurice na Katia walikuwa wamekufa siku 12 kabla ya hapo.

Basi ndugu yangu, medali ya Krafft ni ya hiyo video zaidi kuliko ya zile nguo za fedha. Hupewa mtu aliyejitoa bila kujitafutia, akaipeleka elimu ya volkano iwasaidie watu. Walikuwa wajasiri kupita kiasi? Mimi nadhani ndiyo, pale Unzen walisogea karibu mno. Lakini sipimi maisha yao yote kwa siku moja hiyo.

Swali (msomaji, Goma): Jambo sana mwalimu. Siye tuko naishi chini ya mulima. Mu 2002 lava ilipita mu mutaa yetu, mu 2021 tulikimbia tena na batoto usiku. Njo nauliza, hizi medali banapeana kule Ulaya zinatusaidiaka nini siye?

Jambo sana ndugu yangu, na pole. Nimeacha maneno yako kama ulivyoyaandika kwa sababu yanasema vizuri kuliko ningeyanyoosha.

Wasomaji wengine wajue anachozungumzia. Nyiragongo upo kilometa chache tu kaskazini ya Goma, na juu una ziwa la lava, yaani shimo lenye moto unaochemka wazi, na lava yake ni nyepesi sana, haivutiki kama uji mzito, inakimbia kama maji. Mwaka 1977 ubavu ulipasuka ziwa zima likamwagika chini ya saa moja. Januari 17, 2002 lava ikapita katikati ya mji, ikala sehemu ya uwanja wa ndege na maelfu ya nyumba, mpaka ikaingia ziwa Kivu. Mei 22, 2021, Jumamosi jioni, ikashuka tena, ikasimama pembeni kabisa ya mji, na siku tano baadaye watu laki kadhaa wakaambiwa wahame kwa tetemeko zilizokuwa zinaendelea, wengine Sake, wengine wakavuka Rwanda.

Medali yenyewe kama chuma haikusaidii kitu. Ungeniuliza mimi hela za ile sherehe ningezipeleka wapi ningekwambia zilipieni bando. Nasema hivyo nikimaanisha. Kituo cha OVG hapo kwenu ndicho kinachosikiliza mlima, ndicho kilichosimamisha yale mabango mjini ya rangi, kijani, njano, chungwa na nyekundu ili hata mama anayetoka sokoni ajue leo mlima umekaaje, na kabla ya 2021 kilikaa miezi bila intaneti ya kupokea data ya vifaa vyake kwa sababu ufadhili uliisha. Kifaa kipo juu mlimani kinahisi kila mtikisiko, habari haishuki. Mtu anayesoma hii akiwa na madaraka yoyote ya bajeti, Kinshasa au penginepo, naomba arudie hiyo sentensi.

Ila sitaki kusema medali ni bure kabisa, na nitakwambia kwa nini. Mtaalamu kijana anaangalia nini kinaheshimiwa na wakubwa wake. Kama kinachoheshimiwa ni makala tu, ataandika makala, atakuja Goma wiki tatu, atachukua mawe yake na gesi kwenye chupa na hutamuona tena. Kukiwa na medali inayoheshimu aliyekaa na watu, aliyechora ramani ya njia za kukimbilia kwa lugha ya watu, aliyefundisha mashuleni, basi na hiyo nayo inahesabika kuwa ni sayansi, mtu anaweza kuifanya maisha yake yote bila kuonekana kapotea njia. Kwahiyo mimi kati ya hizi nne nilizozitaja naiweka ya Krafft juu, juu hata ya Thorarinsson, najua wapo watakaonipinga. Na wale wafanyakazi wa OVG waliopanda ule mlima wa mita 3,470 na vifaa mgongoni, wakati mwingine maeneo ya jirani yana vita, hao ndo watu wa medali ile, nasema bila kupepesa macho.

Swali (mama, Karatu): Mwalimu habari za kazi. Mwanangu ana miaka 11, tangu asome ukurasa wako anasema anaitaka hiyo medali. Je huku kwetu kuna chochote au mpaka aende Ulaya?

Nzuri mama, nimefurahi mno. Mwambie yeye ndo yupo jirani kuliko hao wa Ulaya. Kutoka Karatu mpaka Ol Doinyo Lengai si mbali, na Lengai ni volkano pekee inayofanya kazi duniani inayotoa lava ya magadi. Magadi yaleyale mama, ya kuivisha maharage, ni ya ukoo huohuo. Lava za kawaida zina nyuzi elfu moja na zaidi, ya Lengai Juni 1988 ilipimwa ikakutwa kati ya nyuzi 491 na 544, na mmoja wa waliopima na kuichapisha alikuwa huyuhuyu Maurice Krafft pamoja na Mjerumani Jörg Keller. Kwahiyo ile medali ina vumbi la kwetu ndani yake.

Mimi nilipanda mwaka 2004. Tulianza Engare Sero usiku wa manane tukafika juu kunapambazuka, wakati huo kreta ilikuwa bado imejaa mpaka ukingoni unatembea juu yake, kabla ya milipuko ya 2007 na 2008 iliyoichimba ikawa shimo. Kijana wa Kimasai aliyetuongoza akaninyooshea fimbo, nikaona kijito cheusi kama oili chafu kinatiririka pole pole, kinatoa sauti kama chungu kinachochemka, hakina wekundu wowote kwa jua. Aliniletea kipande kilichoganda na kupoa, cheusi, chepesi, nikakifunga kwenye leso. Tulipofika Mto wa Mbu kesho yake nikafungua, kimekuwa cheupe nusu na leso imelowa, maana inafyonza unyevu wa hewani. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, magadi kabisa.

Na kuna heshima nyingine mwambie mtoto, haina sherehe wala jukwaa. Barry Dawson, mwanajiolojia aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, alipanda 1960 na ndiye aliyeitangazia dunia kwamba lava ile ni ya sodiamu. Madini yake mawili makuu yakaja kupewa majina, moja gregoryite, la J. W. Gregory aliyelisoma Bonde la Ufa, na la pili nyerereite, la Mwalimu Nyerere. Kila mwana volkano duniani, awe Mjapani awe Mwitaliano, akiandika kuhusu Lengai lazima aandike jina la Mwalimu.

Kwa vitendo: masomo ni hesabu, fizikia, kemia na jiografia, kemia asiiogope. Jiolojia inasomwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Dodoma, na tangu 2016 kuna vifaa vya GPS vimezungushwa pale Lengai kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu Ardhi na Virginia Tech ya Marekani, vinapima mlima ukivimba na kunywea kwa milimita. Lakini asisubiri chuo. Likizo ikifika mpeleke Engare Sero, kuna nyayo za watu wa kale zaidi ya 400 zimebaki kwenye majivu yaliyoganda, aweke mguu wake pembeni ya mmoja wao apime, asikanyage juu. Halafu atafute mzee au bibi anayeukumbuka mlipuko wa 1966, amuulize majivu yalianguka upande gani, ng'ombe walikula nini wiki ile, na waliamua vipi kuondoka au kubaki, aandike kwenye daftari na tarehe aliyoandika. Akimaliza anitumie, nitalichapa hapa.